Ringi kumi zinazoweza kuokoa ghorofa lako Bujumbura

KAMA wewe ni mtu wa kutembea Bujumbura, bila shaka umeziona. Pita Buyenzi, Bwiza, Kamenge au Kinama, kisha inua macho. Juu ya nyumba nyingi nondo zimechomoza kutoka kwenye vichwa vya nguzo, zimeshika kutu, zinasubiri. Mwenye nyumba hajamaliza. Amejenga chini kwa fedha aliyokuwa nayo, atapandisha juu nyingine ikipatikana.

Nondo hizo, au ferabeto kama wengi wanavyoziita hapa, ni akiba ya watu wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni ndugu zetu waliorudi kutoka Tanzania: waliotoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, waliotoka Mtabila kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2012, na waliorudi kutoka Nyarugusu, Nduta na Mtendeli tangu mwaka 2017. Wa pili ni wafanyabiashara wa mpakani, wale waliozoea njia za Kobero, Mugina na Gatumba, na maboti ya Kigoma. Wengi wao faida hawaiachi benki ikalala. Wanaigeuza saruji na chuma.

Mimi ni wa kundi la kwanza. Kupinda nondo nilijifunza Kigoma, na kazi yangu hapa mjini ni kukagua vyuma vya jengo kabla zege halijamwagwa. Karibu kila mwenye jengo huniuliza kama litabeba ghorofa ya pili au ya tatu. Ni wachache mno wanaouliza jambo ambalo mimi huliona ni zito zaidi: je, ardhi ikitikisika, jengo hili litasimama?

Ndugu msomaji, makala haya ni kwa ajili ya swali hilo la pili. Habari njema ni kwamba jibu lake halihitaji utajiri. Linahitaji vyuma vichache, vilivyowekwa mahali panapostahili, na mwenye mali anayevikagua kabla havijafunikwa.

Tumejenga kando ya ufa

Bujumbura iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Tawi hilo linapita Ziwa Albert, Ziwa Edward, Ziwa Kivu na bonde la Rusizi, kisha linashuka na Ziwa Tanganyika lote. Ardhi ya pande mbili za bonde inaachana taratibu, milimita chache kwa mwaka. Miamba inavutwa, inavumilia, na siku ikishindwa inakatika kwa ghafla. Huko kukatika ndiko tunakokuita tetemeko.

Hatuzungumzi habari za mbali. Tarehe 13 Desemba 1910, eneo la Rukwa, upande wa Tanzania ya leo, lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne ya 20. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilitokea upande wa Kalemie, nyumba zikaanguka huko, na mtikisiko wake ukafika hadi Nairobi, ambako watu walikimbia kutoka kwenye maghorofa. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi watu wakiwa makanisani, tetemeko la 5.9 lilipiga eneo la Bukavu na upande wa pili wa mpaka nchini Rwanda. Watu zaidi ya 35 walikufa, wengi wao Rwanda. Na tarehe 10 Septemba 2016, Bukoba na vijiji vya Kagera vilipata la 5.9 pia. Watu wasiopungua 16 walipoteza maisha, mamia wakaumia, maelfu ya nyumba yakapasuka au kuanguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya.

Angalia namba hizo. Bukavu 5.9, Bukoba 5.9. Kwa wataalamu wa dunia hayo ni matetemeko ya kati tu. Kila namba moja inapoongezeka, nguvu inayotoka ni takriban mara 32. Lile la Rukwa lilikuwa kubwa kuliko la Bukoba kwa zaidi ya mara 150.

Jambo la pili ni udongo. Sehemu ya chini ya Bujumbura imekaa juu ya tope na mchanga ulioletwa na ziwa na mito kwa maelfu ya miaka. Udongo laini hukuza mtikisiko. Mji wa Mexico ulijifunza hilo tarehe 19 Septemba 1985: kitovu cha tetemeko kilikuwa pwani, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, lakini kwa kuwa katikati ya mji imejengwa juu ya ziwa la zamani, maghorofa mengi yaliporomoka na maelfu ya watu wakafa. Kutoka hapa hadi Kalemie ni kilomita zisizofika 300.

Aidha, mchanga uliolegea na kujaa maji unaweza kupoteza nguvu wakati wa mtikisiko ukawa kama uji, na jengo likazama au kulala upande. Wenye viwanja karibu na ziwa, Kajaga, Kibenga na Gatumba, ambako mafuriko ya tangu mwaka 2020 yameonyesha jinsi maji yalivyo karibu, wasianze msingi kabla udongo haujapimwa. Hakuna nguzo itakayolisaidia jengo ambalo chini yake ni uji.

Siku ya tetemeko haijulikani, na hakuna mtaalamu anayeweza kuitaja. Kinachowezekana ni kujenga kwa namna ambayo siku hiyo ikifika watu watatoka wazima.

Abiria aliyesimama kwenye basi

Ghorofa nyingi za mji huu hubebwa na kiunzi cha zege: nguzo zinazosimama, boriti zinazolala, na sakafu juu yake. Matofali ya katikati yanajaza tu. Kila siku ya kawaida kiunzi hicho hufanya kazi moja, kubeba uzito unaoshuka chini. Hata fundi wa kubahatisha anaweza kujenga kitu kikabeba uzito wa kushuka kwa miaka 30.

Tetemeko ni kazi nyingine kabisa. Fikiria umesimama ndani ya basi la kwenda Kamenge, dereva akaondoa gari kwa ghafla. Miguu inakwenda na basi, kiwiliwili kinabaki nyuma. Anayeumia ni magoti na vifundo vya miguu. Jengo ni hivyo hivyo. Ardhi inakwenda kushoto, uzito wa ghorofa unabaki. Ardhi inarudi kulia, uzito nao unachelewa tena. Nguzo zinakunjwa huku na huku, na maumivu yote yanakusanyika mahali pamoja: pale nguzo inapokutana na boriti, juu na chini.

Hapo tunapata somo la kwanza. Nguvu ya tetemeko inatokana na uzito wa jengo lenyewe. Kila tofali la ziada juu, kila tangi la maji la lita 5,000, ambalo likijaa ni tani 5, linaongeza kipigo.

Somo la pili ni la kukunjika bila kukatika. Chukua kipande cha chaki ukikunje: kinakatika papo hapo. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuurudisha mara kumi: umechoka, umepinda, lakini haujaachana. Zege ni chaki. Nondo ni waya. Mhandisi anayejua kazi yake hajengi jengo lisilopata hata ufa katika tetemeko kubwa, maana hilo lingekuwa ghali kupita kiasi. Anajenga jengo litakalokunjika kama waya, lipasuke, pengine lisifae tena kukaa, lakini lisimame hadi mtu wa mwisho atoke mlangoni.

Maduka chini, vyumba juu

Sasa nije kwenye jengo tunalolipenda sisi watu wa biashara. Chini maduka, milango mipana ya chuma, hakuna ukuta wa kuzuia mteja. Juu vyumba vya kupangisha, kuta za tofali kila upande. Biashara inakwenda, kodi inaingia.

Kwa tetemeko, hilo ndilo umbo la hatari kuliko mengine. Juu ni sanduku gumu lenye kuta. Chini ni nguzo tupu, tena mara nyingi ndefu kuliko za juu kwa sababu mwenye duka anataka dari lirefu. Jengo likisukumwa, sanduku la juu halikunjiki. Kinachokunjika ni nguzo za chini peke yake. Zikishindwa, ghorofa ya kwanza inakuwa ya chini kwa sekunde chache, na waliokuwa dukani hawana pa kwenda.

Uturuki imezika watu wengi kwa umbo hilo. Tarehe 17 Agosti 1999, tetemeko la Izmit la 7.6 liliua zaidi ya watu 17,000, na tarehe 6 Februari 2023 lile la 7.8 liliua zaidi ya 50,000 nchini humo peke yake. Mara zote mbili, miongoni mwa majengo yaliyoporomoka yalikuwamo mengi ya namna hii, maduka chini na makazi juu.

Je, tuache kujenga maduka? Hapana. Dawa zipo. Ya kwanza ni kuweka vipande vya ukuta wa zege lenye nondo, vinavyotoka kwenye msingi hadi juu kabisa bila kukatika, upande wa nyuma na pembeni ambako hakuna mlango wa mteja. Vipande hivyo viwepo kwa pande zote mbili, vinavyofuata urefu wa jengo na vinavyofuata upana wake, kwa sababu tetemeko halichagui upande. Ya pili ni kufanya nguzo za chini kuwa nene kuliko za juu. Ya tatu ni kutorefusha ghorofa ya chini kupita mahitaji.

Mwenye kiwanja cha kona aongeze umakini. Duka la kona lina pande mbili wazi za barabara na pande mbili zenye kuta. Likitikiswa halisukumwi tu, linazunguka kama mlango kwenye bawaba, na nguzo ya kwenye kona ya barabara ndiyo inayopata kipigo kikubwa. Hapo mhandisi lazima afanye hesabu zake, si suala la kukisia.

Kuna na mtego mwingine mdogo. Kwenye stoo watu hujenga ukuta wa tofali hadi nusu ya nguzo, kisha juu wanaacha madirisha ya hewa. Ukuta ule unaikaba nguzo chini, na kipande kifupi kilichobaki wazi juu ndicho kinachobeba msukosuko wote, kinapasuka kama kijiti. Acha nafasi ndogo kati ya ukuta na nguzo, ijazwe kitu laini, au mwambie mhandisi mapema ili aihesabu.

Nguzo iishinde boriti

Katika miaka ya 1970 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, wakiwamo Robert Park na Thomas Paulay, waliweka wazi kanuni ambayo leo inafuatwa duniani kote. Kwa maneno yangu ni hii: kwa kuwa katika tetemeko kubwa lazima kitu kiumie, chagua wewe mwenyewe kitakachoumia. Ni kama fyuzi kwenye umeme wa nyumba. Fyuzi huungua ili redio na friji vipone.

Katika kiunzi cha zege, fyuzi iwe boriti, si nguzo. Boriti ikipasuka nchani, sakafu yake inalegea lakini bado inaning'inia. Nguzo ikivunjika, kila kilicho juu yake kinashuka. Ndiyo maana kanuni za Ulaya za majengo ya maeneo ya matetemeko, Eurocode 8, zinataka penye kila maungio nguvu za nguzo zikijumlishwa zizidi za boriti kwa angalau mara 1.3.

Sasa tembelea majengo yetu. Mara ngapi utakuta boriti nene ya sentimita 50 imekalia nguzo nyembamba ya sentimita 20? Sababu ni moja tu: tofali lina sentimita 20, na mwenye nyumba hataki nguzo ichomoze ukutani iharibu sura ya chumba. Kwa ajili ya sura ya chumba amegeuza fyuzi juu chini. Nguzo ya ghorofa katika mji wetu isipungue sentimita 30 kila upande, na kama inachomoza, ichomoze. Kabati litasimama pembeni yake.

Ringi kumi

Mwaka jana niliitwa Buyenzi na mama mmoja mfanyabiashara. Alianza na ndagala na chumvi, akahamia vitenge, na sasa alikuwa anasimamisha ghorofa mbili: nguzo 12, maduka chini. Ilikuwa Alhamisi. Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa imekwisha kulipiwa, ije Jumamosi.

Nguzo zake zilikuwa za sentimita 30 kwa 30, vizuri kabisa. Nondo kubwa zilikuwa sawa. Kasoro ilikuwa kwenye ringi, zile nondo nyembamba zinazozunguka nondo kubwa kama mikanda. Fundi aliziweka moja kila sentimita 20 kutoka chini hadi juu, na pale nguzo inapopita ndani ya boriti hakuweka hata moja. Ncha za kila ringi alizikunja pembe mraba tu.

"Mwanangu," mama alisema, "ringi si za kushikilia tu nondo zisilegee wakati wa kumwaga?"

Hivyo ndivyo wengi wanavyoamini. Ukweli ni kwamba ringi ndiyo inayoishikilia nguzo siku ya tetemeko. Nguzo ikikunjwa sana, ganda la nje la zege linabanduka. Kinachobaki ni kiini cha ndani, na kinachokizuia kiini kisimwagike kama mchele kutoka gunia lililopasuka ni ringi zilizokaribiana. Bila hizo, nondo kubwa zinapinda nje na nguzo inakaa chini. Na ringi iliyokunjwa pembe mraba, ganda likibanduka, inafunguka kama mkanda usio na kifungo. Ncha zake lazima zipindwe zaidi, nyuzi 135, ziingie ndani ya kiini, na ziwe na urefu wa mara 10 ya unene wake. Kwa ringi ya milimita 8, hiyo ni sentimita 8.

Dunia ililiona hili waziwazi California tarehe 9 Februari 1971. Hospitali mpya ya Olive View ilipigwa na tetemeko la San Fernando. Ndani ya jengo lile lile kulikuwa na nguzo za namna mbili. Zile zenye ringi zilizoachana zilisagika. Zile zilizozungushiwa chuma cha mviringo kilichokaribiana sana zilipinda vibaya, ganda likaanguka, lakini ziliendelea kubeba jengo.

Fundi wa mama hakukubali upesi. "Kaka, tumejenga hivi miaka yote, na hakuna lililoanguka." Nilimjibu kwamba hayajaanguka kwa sababu hayajajaribiwa.

Kisha tulikaa chini na kupiga hesabu juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Nguzo ina mita 2.8. Kwa mtindo wa fundi, ringi moja kila sentimita 20, ni ringi 14. Kwa mtindo unaotakiwa, sentimita 60 za chini na 60 za juu ringi zikae kila sentimita 10, katikati zibaki kila sentimita 20: jumla ringi 20. Ongeza 4 ndani ya maungio ya boriti. Tofauti ni ringi 10. Kila ringi, pamoja na ncha zake, inakula mita 1 na sentimita 12 hivi. Ringi 10 ni mita 11.2.

Yaani nondo moja tu ya milimita 8, ile ya mita 12, kwa kila nguzo. Kwa nguzo 12 ni nondo 12.

Mama aliitazama ile karatasi. Akauliza bei ya siku hiyo dukani, akazidisha kwa kichwa kama wanavyofanya watu wa soko, akacheka. Nondo zote 12 hazikufikia bei ya mlango mmoja wa chuma wa duka lake. Palepale aliita mtu wa mashine kwa simu, akasogeza zege hadi Jumanne. Ringi zilizokwisha fungwa nazo zilifunguliwa, zikapindwa upya. Fundi alinuna siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa anawaonyesha vijana wake jinsi ya kupinda ncha.

Tulipofunua mchoro wa mhandisi, ringi zote zilikuwamo, zimechorwa kwa idadi na nafasi zake. Mchoro ulikuwa umelipiwa ili kibali kipatikane, kisha ukawekwa kabatini. Ndugu msomaji, kama unao mchoro, utoe kabatini leo.

Zile nondo zinazosubiri juu

Nirudi kwenye nondo zilizochomoza juu ya mapaa. Zinapounganishwa na za ghorofa inayofuata, muungano unafanyika juu kidogo tu ya sakafu, yaani mahali hasa ambapo nguzo itaumia. Ni vyema muungano uwe katikati ya urefu wa nguzo, ambako kunyumbuka ni kudogo. Urefu wa kulaliana uwe kama mara 50 ya unene: kwa nondo ya milimita 14 ni sentimita 70. Kwa hiyo unayeacha nondo kwa ajili ya baadaye, ziache ndefu, zipake saruji nyepesi au zifunike zisiliwe na kutu. Nondo iliyoliwa hadi ikapungua unene haifai kuungwa.

Na kabla ya kupandisha ghorofa ambayo haikuwamo kwenye hesabu za mwanzo, muite mhandisi. Msingi wa ghorofa moja hauwi wa tatu kwa sababu biashara imekwenda vizuri.

Kwa anayevusha mzigo

Wewe unayeleta nondo kutoka ng'ambo ya mpaka, mizani yako ni chombo cha kuokoa maisha. Nondo nyembamba kuliko jina lake inaonekana sawa kwa macho, lakini haidanganyi uzito. Nondo kamili ya mita 12 inatakiwa kuwa hivi: milimita 8, kilo 4.7; milimita 10, kilo 7.4, milimita 12, kilo 10.7; milimita 14, kilo 14.5, milimita 16, kilo 18.9. Tofauti ndogo huvumiliwa. Lakini ukiinunua ya 12 ikapima kilo 9, umeuziwa ya 11, na mteja wako amejenga nguzo dhaifu kwa bei ya nguzo imara. Pima nondo kumi kwa pamoja, ugawanye. Chagua zenye mistari ya mabonde, zinazoshikana na zege. Zile laini kabisa zinateleza.

Saruji nayo haipendi safari ya maji. Mfuko uliopata unyevu ndani ya boti ukawa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, umekufa. Usimuuzie mtu wa nguzo.

Kwenye kuchanganya, mafundi waliotoka Tanzania huhesabu ndoo, moja kwa mbili kwa nne. Waliojifunza hapa huhesabu kilo 350 za saruji kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7. Kwa nguzo shika hiyo mifuko 7. Maji kwa mfuko wa kilo 50 yasizidi lita 25, na kama mchanga umelowa yapungue. Zege linalotiririka kama chai ni rahisi kumwaga, lakini likikauka linabaki na matundu. Mchanga na kokoto za mtoni zioshwe udongo kwanza. Zege litikiswe kwa mashine hadi liingie kati ya ringi zote, kisha limwagiliwe maji siku 7 bila kukosa. Mwenye jengo kubwa apeleke sampuli maabara ya taifa ya majengo, LNBTP, zipimwe nguvu siku ya 28.

Waliokwisha kujenga

Wapo watakaosoma hapa wakasema, mimi nimechelewa. Hujachelewa. Nguzo dhaifu inaweza kuzungushiwa koti la zege jipya lenye nondo na ringi zilizokaribiana. Ghorofa ya maduka inaweza kuongezewa ukuta wa zege upande wa nyuma, wenye msingi wake. Tangi la juu linaweza kushushwa chini. Kazi hizo zinahitaji hesabu za mhandisi, lakini ni nafuu kuliko kujenga upya.

Na wasiokwisha kujenga wasijidanganye kwamba nchi masikini haiwezi. Kenya ilitoa kanuni zake za majengo na matetemeko mwaka 1973, Uganda mwaka 2003. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, watu zaidi ya 100,000 wakafa, wengi chini ya zege. Wiki chache baadaye Chile ikapata la 8.8, lenye nguvu takriban mara 500, na waliokufa walikuwa mia tano na kidogo. Chile ina fedha zaidi, ni kweli, na kitovu chake kilikuwa pwani wakati cha Haiti kilikuwa karibu na mji mkuu. Lakini ina pia mazoea ya miaka mingi ya kufuata mchoro na kukagua vyuma.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ya kumwaga zege, usilale mapema. Kwenda kiwanjani kabla jua halijazama, ukiwa na mchoro wa jengo lenye kibali cha OBUHA, futi kamba na simu ya kupigia picha. Pima nguzo, ni sentimita 30? Hesabu ringi karibu na sakafu, ziko kila sentimita 10? Angalia ndani ya maungio ya boriti, kuna ringi? Shika ncha ya ringi kwa mkono wako, imeingia ndani? Kama jibu la lolote kati ya hayo ni hapana, mwambie fundi kwa heshima kwamba mashine isije kesho. Atanuna kidogo. Kesho kutwa mtamwaga.